Maswali ya Wasomaji: Utunzaji wa picha, video na muziki wa nyumbani

Barua kuhusu utunzaji wa picha, video na muziki wa nyumbani zimekuwa nyingi kiasi cha kustahili safu nzima. Nimechagua zile zinazogusa watu wengi na kuzifupisha, na majina ya walioziandika nimeyaacha.

Ndugu Mshauri, nyumbani tuna diski moja ya nje ya terabaiti 8, na imebakiza nafasi kidogo sana. Ndani yake mna picha zote za familia tangu tulipopata kamera ya kwanza ya dijitali, video za watoto, muziki nilioutoa kwenye CD zangu, na filamu nyingi. Nimeshauriwa ninunue kasha linalobeba diski nne zinazofanya kazi pamoja kwa mpango wa RAID 5, kwa maelezo kwamba diski moja ikifa hakuna kinachopotea. Je, nikilinunua nitakuwa nimemaliza?

Utakuwa umepata nafasi, ndugu yangu, lakini usalama bado. Aliyekushauri hakukudanganya. Katika RAID 5, nafasi inayolingana na diski moja hutengwa kwa ajili ya hesabu za kurudishia data, kiasi kwamba diski nne za terabaiti 4 hukupa terabaiti 12 za kutumia, na yoyote kati yake ikifa, zile tatu zilizobaki huweza kukokotoa kilichokuwamo. Ila ni vyema ujue mpango huu ulikusudiwa nini. Ulielezwa mwaka 1988 katika makala ya David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na shabaha yake ilikuwa kuunganisha diski nyingi za bei nafuu zifanye kazi ya diski moja kubwa ya bei ghali, bila shughuli kusimama kila diski mojawapo inapoharibika. Benki au hospitali ina haja kubwa na jambo hilo. Nyumbani, filamu zisipopatikana kwa siku mbili hakuna anayedhurika. Kinachoumiza ni picha kupotea zisirudi tena, na hapo msaada wa RAID ni mdogo kuliko watu wanavyodhani.

Fikiria njia ambazo mkusanyiko wa nyumbani hupotea. Mtu anafuta folda kwa bahati mbaya, nayo inafutika kwenye diski zote nne kwa sekunde ileile. Virusi vya kudai fidia, vya aina ya WannaCry iliyosambaa Mei 2017, vikiingia kwenye kompyuta, hufunga mafaili yote vinayoweza kuyafikia, na kasha lililo wazi kwenye mtandao wa nyumbani halisalimiki. Umeme ukipanda ghafla, diski zote nne ziko kwenye waya mmoja. Mwizi hatachagua diski moja akaacha tatu, wala moto hautafanya hivyo. Isitoshe, kasha lenyewe likiungua, wakati mwingine hulazimu kulitafuta jingine la aina ileile ndipo diski zisomeke, jambo ambalo si rahisi miaka saba au minane baadaye.

Kuna jingine ambalo wauzaji hawapendi kuligusia. Diski ya kwanza inapokufa, unaweka mpya, na kasha huanza kuzisoma zile tatu tangu mwanzo hadi mwisho ili kuijaza. Kwa diski kubwa za siku hizi kazi hiyo huchukua saa nyingi, pengine siku kadhaa, na diski hizo tatu mara nyingi zilinunuliwa siku moja na ile iliyokufa, zimetoka kiwanda kimoja na zimefanya kazi saa zilezile. Moja kati yake ikishindwa katikati ya zoezi, mkusanyiko wote umekwenda. Ndiyo maana mimi, mwenye fedha ya diski nne tu humwambia aweke mbili kazini na mbili zibaki nje kama nakala za akiba, hata kama fundi atamcheka.

Kabla ya kutoa fedha yoyote, hata hivyo, gawa vilivyomo kwenye diski yako mafungu mawili: kisichoweza kupatikana tena popote, na kinachoweza kupatikana tena kwa fedha au kwa jasho. Watu wengi hushtuka wakiona fungu la kwanza lilivyo dogo. Picha ya simu iliyo katika muundo wa JPEG huwa na megabaiti 3 hadi 5 hivi, kwa hiyo picha 50,000 hazizidi sana gigabaiti 200, ilhali filamu moja iliyonakiliwa nzima kutoka kwenye diski ya Blu-ray inaweza kula gigabaiti 25 au hata 50. Muziki uliotoka kwenye CD zako nao una nakala ya akiba tayari ikiwa CD hizo zingali rafuni. Ukipotea utakuwa umepoteza siku za kuzinakili upya, hujapoteza muziki. Fungu linalobaki, yaani picha, video za familia, sauti za wazee zilizorekodiwa na hati zilizopigwa picha, huenda lisizidi terabaiti 1 au 2. Hilo ndilo la kuligharimia. Nimeona makasha ya bei kubwa yakilinda filamu ambazo kila mtu anazo, huku picha za arusi ya mwenye kasha zikiwa kwenye kompyuta moja ya mkononi iliyochakaa.

Kwa fungu hilo la kwanza, fuata kanuni ya 3-2-1, ambayo mpiga picha Mmarekani Peter Krogh ndiye aliyeieneza: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili tofauti, na moja kati yake iwe mbali na nyumbani. Kwako wewe, nakala ya kwanza ni ile unayoitumia kila siku. Nunua diski mbili za kawaida za nje za terabaiti 2 au 4, ziandike A na B kwa kalamu isiyofutika, kisha moja ikae nyumbani ikiwa imechomolewa kabisa na nyingine ikae kwa ndugu unayemwamini au kazini, na kila mwezi zibadilishane. Diski iliyochomolewa haifikiwi na virusi wala na umeme uliopanda. Wajuzi wakitaka kukwambia kwamba diski zote mbili ni chombo cha aina moja, wana haki, na hifadhi ya mtandaoni inaweza kuziba pengo hilo. Lakini ukingoja hadi kanuni itimie yote ndipo uanze, utangoja sana.

Muda usikutishe. Diski ya kawaida huandika megabaiti 150 hivi kwa sekunde, kwa hiyo terabaiti 1 ya mafaili makubwa humalizika kwa chini ya saa mbili, na terabaiti zako zote saba au nane ni kazi ya usiku mmoja na sehemu ya asubuhi. Mafaili madogo madogo huenda polepole zaidi. Baada ya mara ya kwanza, tumia programu inayonakili yaliyobadilika tu: rsync, iliyotoka mwaka 1996, hutumika kwenye Linux na Mac, Windows inayo Robocopy ndani yake, na Mac inayo Time Machine tangu mwaka 2007.

Hapa pana mtego unaostahili kuelezwa kwa makini. Programu hizi zina namna ya kufanya diski ya akiba ifanane kabisa na diski ya kazi, ambayo kwa Robocopy huitwa kwa amri ya /MIR na kwa rsync kwa amri ya --delete, na kufanana huko ni pamoja na kufuta kwenye akiba chochote kisichokuwapo kwenye chanzo. Sasa chukulia kwamba waya wa diski ya kazi umelegea, kompyuta haijaiona, na mahali pake pana folda tupu yenye jina lilelile. Programu itaikuta folda tupu, itaifananisha akiba nayo, na itakuwa imetii ulichoiagiza. Tumia amri hizo pale tu unapokuwa na nakala nyingine isiyoguswa siku hiyo. Vinginevyo ziache, ukubali diski ya akiba ijae taka kidogo.

Mwisho, mara unapomaliza, chukua diski A uipeleke kwenye kompyuta nyingine kabisa, fungua folda tatu au nne kutoka miaka tofauti, cheza video mpaka mwisho. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa usiihesabu katika zile tatu.

Nimenunua diski ya terabaiti 4 lakini kompyuta yangu ya Windows inaonyesha 3.63. Je, nimepunjwa?

Hukupunjwa. Kiwanda huhesabu terabaiti 1 kuwa baiti trilioni moja, ilhali Windows hugawanya kwa 1,024 mara nne mfululizo na matokeo yake bado huyaita terabaiti. Baiti trilioni 4 zikigawanywa hivyo hutoa 3.63 na ushei. Kompyuta za Mac huhesabu kama kiwanda, kwa hiyo diski hiyohiyo ukiichomeka huko itasomeka 4.

Mshauri, picha zangu zote hupanda zenyewe kwenye hifadhi ya mtandaoni, kwa hiyo nilijua ziko salama. Juzi simu ilijaa, nikafuta picha za miaka mitatu ili nipate nafasi. Jioni nilipofungua kompyuta nikakuta nako hazipo. Zimekwenda wapi?

Dada yangu, fanya haraka kabla ya kuendelea kusoma: fungua hifadhi hiyo, tafuta sehemu ya vilivyofutwa, uzirudishe. Kwenye iCloud picha hukaa humo siku 30 hivi, na kwenye Google Photos zile zilizokwisha kupakiwa hukaa siku 60. Baada ya hapo huwa zimekwenda.

Kilichotokea si hitilafu. Huduma nyingi za namna hiyo kazi yake ni kusawazisha, yaani kuhakikisha simu, kompyuta na seva vinaonyesha kitu kilekile. Ukiongeza picha upande mmoja inaongezeka kote, ukifuta upande mmoja inafutika kote. Huo ni urahisi mkubwa na hakuna ubaya kuutumia, ila nakala tatu zinazofutika kwa kidole kimoja ni nakala moja inayoonekana mahali patatu.

Angalia na jambo jingine kwenye simu yako. Kuna mpangilio wa kuokoa nafasi ambao huacha kwenye simu picha ndogo tu za kutazama, na zile kamili hubaki kwenye seva. Mpangilio huo ukiwa umewashwa, ukiunganisha simu na kompyuta kwa waya ili unakili picha, huenda ukapata sehemu tu ya picha zako, ukaenda kulala ukiamini umezihamisha zote. Njia ya uhakika ni kuzishusha kutoka kwenye huduma yenyewe. Google inayo Takeout kwa kazi hiyo, na Apple nayo ina ukurasa wa kuomba nakala ya data yako.

Kuitegemea kampuni moja peke yake pia ni kujiweka mikononi mwa maamuzi yake. Mwaka 2019 MySpace, mtandao wa kijamii, ilitangaza kwamba wakati wa kuhamisha seva zake ilikuwa imepoteza picha, video na muziki ambao watu waliupakia kabla ya mwaka 2016, na wanamuziki wengi waliokuwa hawana nakala nyingine hawakuwa na la kufanya. Google Photos haikupoteza kitu, lakini tarehe 1 Juni 2021 ilisitisha nafasi ya bure isiyo na kikomo ambayo mamilioni ya watu walikuwa wamepangia maisha yao. Kadi ya malipo ikiisha muda, nenosiri likisahaulika, akaunti ikifungwa kwa kosa la mashine, mambo huwa magumu.

Bado naipendekeza hifadhi ya mtandaoni kama nakala ya mbali, hasa kwa asiye na mahali pengine pa kuweka diski. Ila piga hesabu ya kasi yako ya kupakia, ambayo mara nyingi ni ndogo kuliko ile ya kushusha. Kwa megabiti 10 kwa sekunde, terabaiti 1 huhitaji siku 9 na zaidi bila kupumzika, na kuirudisha siku ya msiba wa diski nako kuna muda wake. Chagua huduma inayotunza matoleo ya nyuma ya faili kwa miezi kadhaa, si ile inayosawazisha tu.

Nilifungua picha ya mwaka 2009, nikakuta nusu ya juu ni nzima na nusu ya chini ni kijivu kitupu. Nakala iliyo kwenye diski yangu ya pili nayo ni hivyohivyo. Inakuwaje ugonjwa mmoja ushike diski mbili?

Ugonjwa haukushika diski mbili. Ulishika moja, kisha ukanakiliwa. Data ya JPEG imebanwa na husomwa kwa mfululizo, kila kipande kikitegemea kilichotangulia. Biti chache zikiharibika katikati, msomaji hupotea kuanzia hapo, ndiyo maana juu kuna sura za watu na chini kuna kijivu au mistari ya rangi isiyoeleweka. Uharibifu huo unaweza kutokea kwenye kadi ya kamera, kwenye waya mbovu wakati wa kunakili, kwenye kumbukumbu ya kompyuta, au kwenye diski yenyewe baada ya miaka. Programu ya kunakili haijui uso wa shangazi yako ulipaswa kuwaje; hunakili ilichokikuta.

Kwanza, tafuta nakala ya zamani zaidi: kadi ya kamera iliyosahauliwa kwenye mfuko wake, kompyuta iliyostaafu, barua pepe uliyowahi kumtumia ndugu. Usifute diski yoyote ya zamani mpaka umalize kutafuta.

Pili, kwa siku zijazo, kila faili lipatie alama ya utambulisho. Kuna hesabu inayoitwa SHA-256 ambayo hulisoma faili zima na kutoa mfuatano wa herufi na tarakimu 64. Biti moja tu ikibadilika ndani ya faili, mfuatano wote hubadilika. Linux ina amri ya sha256sum, Mac ina shasum, na Windows ina certutil. Unatengeneza orodha ya alama hizo siku unayopakua picha kutoka kwenye kamera, unaihifadhi pamoja na folda, na mara moja au mbili kwa mwaka unaiambia kompyuta ihesabu upya ilinganishe. Faili ambalo hukuligusa na alama yake imebadilika limeharibika, nawe unalirudisha kutoka kwenye nakala ambayo alama yake bado inakubaliana. Kazi hii hufanywa na mashine usiku. Wewe unasoma matokeo tu.

Anayependa mambo haya yafanyike yenyewe atazame ZFS, mfumo wa mafaili uliotolewa na Sun Microsystems mwaka 2005, au Btrfs ya Linux. Mifumo hiyo huweka alama kwa kila kipande cha data na kuihakiki kila kinaposomwa, na ikiwa kuna nakala ya pili ndani yake hurekebisha palipoharibika. Makasha kadhaa ya diski ya nyumbani huja nayo tayari. Si lazima kwa kila mtu, lakini kwa mkusanyiko wa terabaiti nyingi naiona ina thamani kuliko kuongeza diski ya tano.

Diski yenyewe nayo huzungumza. Ndani yake kuna kumbukumbu za afya ziitwazo SMART, zinazosomwa kwa programu ndogo za bure. Usijisumbue na mistari yote. Tazama namba 5, 197 na 198, ambazo zinahusu sehemu za diski zilizohamishwa, zinazongoja kuhamishwa, na zisizosomeka. Zikiwa sifuri, vyema. Zikianza kupanda wiki hadi wiki, nakili kila kitu na uiondoe kazini. Kampuni ya Backblaze, inayochapisha takwimu za diski zake nyingi tangu mwaka 2013, imeonyesha kwa miaka ya karibuni kwamba kati ya diski 100 hufa moja au mbili hivi kwa mwaka, na baadhi hufa bila SMART kusema neno. Ikianza kutoa mlio wa kugonga, tak, tak, tak, huku kompyuta imeganda, izime hapo hapo. Usiitie kwenye friza, usiifungue: vichwa vya kusomea huelea juu ya sahani kwa nanomita chache tu, na chembe ya vumbi usiyoiona inatosha kuikwangua.

Nataka kuziweka picha kabatini kwa miaka kumi bila kuzigusa. Ninunue SSD, diski ya kawaida, diski za Blu-ray au flashi?

Flashi isiwe hata kwenye orodha. Ni chombo cha kubebea, si cha kutunzia. SSD, yaani diski ya kielektroniki isiyo na sahani inayozunguka, ni nzuri kwa kazi ya kila siku, lakini data yake ni chaji ya umeme iliyofungiwa kwenye seli, nayo huvuja taratibu inapokaa bila umeme, hasa penye joto. Kiwango cha JEDEC, shirika linaloweka viwango vya vifaa vya kielektroniki, kinaitaka SSD ya matumizi ya kawaida, ikiwa imefikia mwisho wa uhai wake wa kuandikwa, itunze data mwaka 1 bila umeme kwa nyuzi 30. Ikiwa mpya hutunza muda mrefu zaidi, ila mimi sitaiacha kabatini miaka kumi.

Diski ya kawaida inafaa zaidi, kwa masharti. Ifunge kwenye mfuko unaozuia unyevu, iweke mahali pasipo joto kali wala mtikisiko, na uiwashe walau mara moja kwa mwaka kwa ajili ya ule ukaguzi nilioueleza hapo juu. Miaka mitano au sita ikipita, hamishia kwenye mpya hata kama ya zamani bado inazunguka.

Blu-ray za kuandikwa zina faida moja kubwa, kwamba zile za kuandikwa mara moja haziwezi kufutwa kwa bahati mbaya, na aina ya M-DISC imetengenezwa kwa tabaka ambalo halififii kama rangi ya CD za zamani. Lakini kila moja hubeba gigabaiti 25 hadi 100, kwa hiyo terabaiti 1 ni diski 40 za aina ndogo, na kompyuta zenye mashine ya kuzisomea zinazidi kuadimika. Tumia kwa mia kadhaa za picha teule. Ukanda wa sumaku wa LTO, ambao kizazi chake cha 9 cha mwaka 2021 hubeba terabaiti 18 kwa kaseti moja, ndio unaotumiwa na taasisi za kumbukumbu. Kaseti si ghali, mashine yake ni ghali mno, na kwa nyumba nyingi hesabu haikubali.

Kusema kweli sharti la kutogusa kwa miaka kumi ndilo nisilolipenda katika swali lako.

Video ya saa mbili ya arusi inakataa kunakilika kwenye diski ya nje; naambiwa faili ni kubwa mno, na diski ina nafasi tele.

Diski hiyo imefomatiwa kwa FAT32, mfumo wa zamani wa kupanga mafaili, ambao haupokei faili linalofikia gigabaiti 4. Hamisha vilivyomo, ifomati upya kwa exFAT, inayosomeka kwenye Windows na Mac, kisha uvirudishe. Kufomati hufuta kila kitu, kwa hiyo usianze na hatua ya pili.

Nina picha zilezile mara tano katika folda tofauti, nyingine zimetoka WhatsApp. Nitajuaje ya kubakiza?

Nakala zinazofanana biti kwa biti huziachia programu ya kutafuta marudio, kwa sababu hulinganisha alama kama zile za SHA-256 na haikosei. Kazi ngumu ni zile zinazofanana kwa macho tu. Picha iliyotumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa ukubwa na kuvuliwa taarifa za EXIF, yaani tarehe, saa, aina ya kamera na mahali ilipopigwa. Kwa hiyo kati ya mbili zinazofanana, bakiza yenye megabaiti nyingi zaidi na yenye tarehe ya kupigwa ndani yake. Ukiwa unamwomba ndugu akutumie picha ya sherehe, mwombe aitume kama hati, nayo itafika kamili.

Majina ya folda yaanze na mwaka, mwezi na siku kwa mpangilio huo, kama 2017-12-26, ndipo kompyuta yoyote itazipanga kwa tarehe bila programu maalumu. Lakini fanya usafi huu baada ya kutengeneza nakala za akiba, kamwe si kabla. Wengi wa wanaoniandikia kwa kilio walikuwa wakipanga folda.

Je, nizifunge diski zangu kwa nenosiri? Na ile ya zamani niitupe tu?

Inayokaa nje ya nyumba ifunge: tumia programu ya kusimba data, yaani BitLocker kwa matoleo ya Windows yaliyo nayo, usimbaji wa ndani ya Mac, au VeraCrypt, inayofanya kazi kwenye zote. Fahamu kwamba nenosiri likipotea hakuna fundi wa kuifungua, hivyo liandike kwenye karatasi, likae na hati muhimu za nyumba, na mtu mmoja zaidi wa familia ajue lilipo. Inayokaa kabatini nyumbani ikiwa na picha za kawaida tu, mimi naiacha wazi, maana nyumbani hatari ya kusahau nenosiri ni kubwa kuliko ya kuibiwa.

Ya zamani usiitupe ilivyo, kwani kufuta mafaili au kufomati kwa haraka huondoa orodha tu na kuacha data mahali pake. Kwa diski ya kuzunguka, kuiandika yote upya kwa sifuri mara moja kunatosha. SSD huficha baadhi ya seli zake, kwa hiyo tumia amri ya kufuta inayotolewa na mtengenezaji. Diski iliyokufa isiyoweza kuandikwa, toboa sahani zake kwa drili, ukiwa umevaa miwani ya kukinga macho kwa sababu baadhi ya sahani ni za kioo, kisha uipeleke panapopokelewa taka za kielektroniki.